Mwezi Alioutangaza Baba Ulikuwa Umeshazama

Naomba mnifiche jina na kijiji, maana kwetu kaskazini Unguja tunajuana mpaka kwa kikohozi. Nina miaka ishirini na tatu, nasoma fizikia na elimu ya anga, mwaka wa tatu, chuo kimoja hapa mjini. Nimeposwa, posa imekubaliwa, na harusi imekwama kwa sababu yangu mwenyewe. Nitaeleza yote, hata yale yanayonivua nguo.

Babangu ndiye mtazama mwezi wa kijiji chetu tangu sijazaliwa. Ikifika jioni ya ishirini na tisa ya Ramadhani watu hawaangalii juu, wanamwangalia yeye. Akisema ameuona, masufuria yanapanda jikoni. Akisema hajauona, kesho wanafunga. Hana shamba kubwa wala cheo, ana neno lake hilo tu, na kwa hilo anaheshimiwa.

Mwaka huu, kabla ya mfungo, alikuja mjini kimya kimya nikampeleka kwa daktari wa macho. Ana mtoto wa jicho, macho yote mawili. Daktari alimwambia afanyiwe upasuaji, akakataa. Tulipokuwa tunashuka ngazi alinishika mkono akasema, "Hili lako na langu. Hata mamaako asijue." Nikamwitikia, "Naam, Baba."

Jioni ya ishirini na tisa akasimama pale pale pake pa siku zote, akatangaza kuwa ameuona. Nusu ya kijiji ikala Idi kesho yake kwa neno lake. Mimi nilijua macho yale hayaoni hata tundu la sindano. Nilinyamaza, nikala pilau pamoja nao.

Laiti ningenyamaza moja kwa moja. Lakini mchana ule ule, mbele ya wageni, wakwe zangu watarajiwa wamo, ami yangu aliniuliza nasomea nini. Kabla sijajibu Baba akasema, "Kenda chuo kusomea ramli. Miaka mitatu, na hata bao hajajua kupiga." Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Mama wa mchumba wangu alicheka kuliko wote. Nilikwenda uani nikaosha vyombo ambavyo vilikuwa vimeshaoshwa.

Tuliporudi chuoni mwalimu akatupa kazi: kila mmoja achague jioni moja, ahesabu jua na mwezi vilizama saa ngapi kijijini kwao. Mnajua niliichagua jioni gani. Nilirudia hesabu mara tatu, nikalinganisha na programu ya kompyuta. Mwezi ulizama dakika kumi na moja kabla ya jua. Hakuna jicho, zima wala bovu, ambalo lingeuona. Nikaupiga picha ule ukurasa, nikautuma kwenye kundi la familia, na chini yake nikaandika: "Baba, uliouona wewe ulikuwa mwezi gani? Wa mbinguni ulikuwa umeshazama."

Wahenga wanasema mdomo huponza kichwa. Mimi kilichoniponza ni kidole, na nakiri kwamba wakati kinabonyeza nilikuwa nacheka.

Kufika Ijumaa picha ilikuwa imeshafika msikitini. Waliokula wakaambiwa wailipe siku ile. Vijana wakampa Baba jina, Mzee Dakika Kumi na Moja, wakawa wanamwita hivyo akipita. Sasa hapiti. Anasali nyumbani, na pale alipokuwa akikaa barazani anakaa mtu mwengine.

Nilikwenda kumwomba radhi, nikapiga magoti. Akaniambia, "Radhi? Si una hesabu wewe? Hesabu basi, uone itatoka lini." Kisha akatoa sharti lake: nisimame barazani mbele ya watu niseme nilikosea. Bila ya hivyo haniozeshi. Na mimi, magoti yangu yakiwa bado chini, nikamjibu, "Ntasimama, Baba. Lakini nkisimama ntasema na la macho."

Hakunipiga wala hakupaza sauti. Aliuliza, "Mamaako yupo?" Nikamwambia kenda dukani. Akapapasa kutafuta kikombe chake cha kahawa, mkono ukapita pembeni mara mbili. Nilikuwa karibu yake na sikumsogezea. Alipokipata akasema, "Basi siku ntakayouona mwezi kwa macho yangu haya, ndiyo siku ntakayokuozesha." Na upasuaji mpaka leo hautaki.

Najua wapo watakaoniambia niende kwa kadhi. Mchumba wangu ameshasema hawezi kuoa binti anayeozeshwa na kadhi ilhali babake yu hai, na mamake anauliza kila wiki tunasubiri nini. Nikisema nilikosea, nitaolewa, lakini nitakuwa nimeikana hesabu niliyo na hakika nayo, na kijiji kitarudi kufunga na kula kwa macho yasiyoona. Nikisema la macho, nitakuwa nimemvua nguo mara ya pili. Nikikaa kimya, ndoa inanipita. Na ukweli ni kwamba kuna siku namwonea huruma, na kuna siku nakumbuka kile kicheko cha Idi nikaona alistahiki.

Juzi Mama alinipigia simu. Anasema siku hizi kila Magharibi Baba hutoka nyuma ya nyumba peke yake, akatazama juu muda mrefu, kisha akarudi ndani akamuuliza kama kuna mawingu.

"Mimi humwambia yapo," Mama akasema. "Hata siku isiyokuwa na wingu, humwambia yapo."

Kumbe naye anajua. Msiniambie nimwombe radhi, hilo nimeshalifanya na mmeona nilivyoliharibu. Nishaurini wenzangu: nikisimama pale barazani, niseme nini?