Tuzo Aliyoikataa

Watu wakinisikia nikimtaja yule Mfilipino hudhani nilimpenda. Sikumpenda. Nilimkasirikia miaka mingi, na sehemu kubwa ya hasira ile ilinihusu mimi mwenyewe, ila nilimtwika yeye kwa sababu alikuwa mbali na hakuweza kujibu.

Tulikutana kazini Selly Oak, Birmingham, kwenye nyumba ya wazee iliyokuwa nyuma ya mitaa ya wanafunzi. Ilikuwa miaka ya mwanzo ya elfu mbili, wakati hospitali za Uingereza zilipokuwa zikichota manesi kutoka Manila kama mtu anayechota maji kwenye kisima cha jirani. Mke wake alikuwa mmoja wa manesi hao. Mume alikuja kwa viza ya mke, akapata kazi ambayo mke asingekubali kuifanya: kuogesha wazee, kubadilisha mashuka, kumlisha uji bwana mmoja aliyekuwa akimwita kwa jina la mpishi wake wa zamani. Mimi nilikuwa na mwaka wa tatu pale. Nilitoka Tanga na cheti cha ualimu ambacho hapakuwa na mtu aliyetaka hata kukiona.

Aliniita "ate", ndiyo dada mkubwa kwa lugha yao. Mimi nikamwita kaka, ingawa nilimzidi miaka sita. Tulichofanana ni chakula. Yeye alikula wali kila siku na samaki wakavu, mimi wali na dagaa, na wote wawili tulikatazwa na wenzetu kupasha chakula chetu kwenye maikrowevu kwa sababu ya harufu. Basi tulikula cha baridi, kwenye ngazi za nyuma, tukiwasengenya.

Kwamba yeye ni mwimbaji nilijua baada ya mwezi mzima. Siku hiyo alikuja nesi wa Kifilipino kushika zamu ya mtu aliyeugua. Akamkuta huyu kaka kwenye korido, mikononi ana beseni la maji machafu. Yule dada akashika mdomo. Akatoa kalamu, akamwomba amwekee sahihi nyuma ya karatasi ya zamu. Kaka akaliweka beseni chini, akasaini, akaliokota beseni lake akaenda zake chooni kulimwaga. Nesi akabaki ameikumbatia ile karatasi. "Hujui unafanya kazi na nani?" akaniuliza. Nikamwambia najua, ni mtu wa vyumba vya juu.

Mchana, pale kwenye ngazi, nilimbana akanieleza. Alizaliwa kwenye mtaa wa mafundi, mama yake fundi cherehani. Gitaa lake la kwanza lilikuwa na nyuzi tano, wa sita hawakuwa na uwezo nao. Akaunda bendi na wenzake wa shule, nywele zikifika kiunoni, wakapiga roki kwa lugha yao wakati redio zilitaka Kiingereza. Nyimbo alitunga yeye. Mmoja uliwatoa: wimbo kuhusu foleni ya watu wanaosubiri karatasi za kwenda kufanya kazi nje. Nchi nzima iliuimba, hata askari waliotumwa kuwatawanya vijana uwanjani, alisema, waliusikiliza kwanza ndipo wakatoa virungu. Kampuni ya muziki ikataka nyingine kumi kama ule. Yeye akawapelekea nyimbo za mambo mengine, hazikununuliwa, bendi ikasambaratika. Mpiga ngoma akaenda Saudia kufunga viyoyozi. Yeye akaenda Ghuba kuimba mahotelini, miaka sita.

"Kule sisi tunasifiwa kwa jambo moja," aliniambia. "Kuiga."

Aliimba nyimbo za wenyewe kwa sauti za wenyewe. Wageni walimwita kwa kupiga vidole, wakamsokomezea noti kwenye kola, wengine kwenye mkanda wa suruali, kisha wakataja wimbo wanaoutaka. Siku mama yake alipofariki, habari ilimkuta mapumzikoni. Msimamizi akampa pole na kumwambia amalizie sehemu ya pili. Akarudi jukwaani, na bwana mmoja akamtia noti mfuko wa shati na kuagiza wimbo wa kuchangamsha. Akauimba.

Aliporudi chumbani alimtungia mama yake wimbo, akaapa kwamba hakuna mtu atakayemwekea tena pesa mwilini akiwa anaimba. "Ukishaipokea," alisema, "koo si lako tena."

Haya yote aliniambia mimi, kwa mdomo wake, nami niliyasikia kwa masikio yangu mawili. Asije mtu akasema sikujua.

Wimbo wa mama niliujua kwa mvumo tu, maana aliuimba mdomo ukiwa umefumba akiwaogesha wazee. Alinieleza ulivyo: ubeti wa kwanza mtoto anasema, wa pili anaeleza sauti ya cherehani, wa tatu mama anamjibu. Mimi mama yangu alifariki Tanga wakati pasi yangu ikiwa kwa watu wa uhamiaji, wakiitazama kwa nafasi yao, na sikuweza kwenda kumzika. Kwa hiyo wimbo ule ulikuwa ukinikamata. Nilikuwa nikisimama nje ya mlango wa bafu na mataulo mkononi, nalia, halafu naingia nayapanga.

Mke wake alikuwa amepata hospitali Marekani na alitaka waondoke. Kaka alitaka kubaki. Mzungu mmoja mwenye studio ndogo Hockley, juu ya karakana ya kung'arisha pete, alikuwa amesikia kanda yake na kumwambia angemrekodia albamu nzima, nyimbo zake mwenyewe, iwapo angemwona kwanza mbele ya watu wanaosikiliza. Mke akakata shauri: ukipata hao watu na hiyo albamu, tunabaki. Usipopata, tunafunga mizigo. Wakakodi ukumbi wa mtaa kule Balsall Heath, Jumamosi alasiri.

Wiki ile Wafilipino wenzake walioahidi kuja kusikiliza wakaanza kujitoa mmoja mmoja, huyu kapangiwa zamu, yule kahama mji. Kaka akawa hali hata ule wali wake. Mimi na kiherehere changu nikamwambia, "Ukumbi niachie mimi."

Nikapiga simu. Nikampigia mama mkubwa, mtu wa Unguja ambaye si ndugu yangu wa damu ila ndiye aliyenipokea Birmingham, na mama mkubwa akipiga simu zake Waswahili wa mji huu husimama. Nikawaalika na kina mama wa Kikongo tuliokuwa tukipanda nao treni ya alfajiri. Kila mmoja aliuliza anaimba lugha gani, nikajibu ya kwao, na hakuna aliyeliona hilo kuwa kikwazo. Sisi tumezoea kulia kwa filamu za Kihindi.

Walikuja, na ukumbi ukajaa. Walikuja wamejipamba kama wanaokwenda harusini, wamejifukiza udi, dhahabu mikononi. Kaka alichungulia kutoka nyuma ya pazia, akanishika mkono. Mtu wa Hockley alisimama ukutani karibu na mlango, mikono mifukoni. Mke wa kaka alikaa safu ya mbele bado na sare ya hospitali.

Nyimbo mbili za kwanza zilikuwa na kelele za magitaa, kina mama wakavumilia kwa heshima. Kwenye wimbo wa tatu aliwaambia wapigaji wawili aliokuja nao wanyamaze, akabaki na gitaa lake peke yake. Nilijua ni upi kabla hajafungua mdomo. Ubeti wa kwanza ukapita. Kwenye ubeti wa pili akawa anagonga mbao za gitaa kwa vidole, mlio wa cherehani. Mama mkubwa alikuwa ameshika ukingo wa mtandio, analia bila kujua neno hata moja.

Nikasimama.

Kwetu, wimbo ukikugusa huwezi kubaki kitini. Unainuka, unakwenda taratibu kwa mwendo wa ngoma, noti umeinyanyua juu waione, unamwekea mwimbaji kwenye paji la uso au unampa mkononi. Humlipi. Malipo yake anayo mwenye shughuli. Unachofanya ni kuwaambia waliopo kwamba neno hili ni langu, limenipata mimi. Mtu aliyefiwa na mama yake akakaa kitini wakati kama ule, kwetu tungemwona ana moyo wa jiwe. Miguu yangu ilijiendea yenyewe. Nilikuwa na noti ya pauni tano na nilikuwa nalia, na wallahi sikukumbuka hoteli yoyote.

Alikuwa amefumba macho. Noti ilipomgusa paji akayafumbua, na sauti ikamkatika nusu ya neno, kisha akaendelea. Angeachiwa labda angeweza. Lakini nyuma yangu alishakuja mama mkubwa, na nyuma ya mama mkubwa safu nzima, wanachezesha mabega, vigelegele, mama mmoja wa Kikongo anapepea kitambaa cheupe kama wafanyavyo wakipeleka sadaka kanisani. Moja ikaingia kwenye kola. Nyingine mtu akaichomeka kwenye nyuzi za gitaa, na gitaa likafa sauti.

Akaacha kuimba. Akazitoa noti moja moja, bila haraka, akaziweka juu ya spika. "Hapa si hotelini," alisema kwa Kiingereza. Kisha akanitazama mimi. "Ate. Na wewe."

Akashuka.

Mama mkubwa alikuwa bado na mkono juu. "Amenirudishia tuzo yangu mbele za watu?" aliniuliza. "Mwanangu, mimi nime-cancel shift yangu, nimevaa nguo ya Idi, kuja kutemewa mate?"

"Mais, lakini tumemukosea nini?" akasema yule mama wa Kikongo, kitambaa bado mkononi. "Tulikuwa tunamuheshimu."

"Mcheza kwao hutuzwa," akasema mama mkubwa. "Basi huyu hapa si kwao. Twendeni zetu."

Ndivyo walivyotoka, wote, ukumbi uliojaa ukawa mtupu kwa muda wa kuchemsha chai. Mtu wa Hockley alikuwa mlangoni anafunga koti. Alinitabasamia, akasema ilikuwa imechangamka sana, ila yeye alitafuta mwanamuziki wa kusikilizwa na hakuhitaji bendi ya harusi. Nilitaka kumweleza. Nikaanza, na Kiingereza changu cha darasani kikanisaliti, maana kitu chenyewe hakielezeki kwa mtu aliyekwisha kutoa funguo za gari. Mke wa kaka alikuwa akikunja nyaya, na uso wake ulikuwa tayari Marekani.

Hapa ningependa kuandika kwamba nilimwomba radhi. Nilimfuata hadi kando ya barabara alipokuwa akipakia gitaa, nikamwambia kwamba amewadhalilisha watu wazima, wanawake wanaoamka saa tisa usiku kwenda kusafisha ofisi za watu, ambao hawakumdai chochote. Aliendelea kupakia. Hilo likanizidishia ghadhabu, nikamwambia neno ambalo mpaka leo likinijia nikiwa jikoni huacha ninachofanya. Nilimwambia mtu asiyejua kupokea tuzo hana cha kuimba.

Alifunga mlango wa gari taratibu. "Ubeti wa tatu," alisema, "ulikuwa bado."

Tuliendelea kufanya kazi pamoja miezi miwili. Salamu tulipeana, na "ate" hakuacha kuniita, kwa sababu ndivyo walivyolelewa. Wali wake akawa anakula ndani ya gari. Albamu haikutajwa tena. Mke alileta barua za Marekani, kaka akatoa notisi kazini. Mama mkubwa aliniwekea kinyongo mwaka mzima, na mimi nikawa nalaumu pande zote mbili, kana kwamba nilikuwa nimekaa kwangu wao wakagombana. Kikulacho ki nguoni mwako. Mimi nilikuwa ndani ya nguo yake kabisa, nikiitwa dada.

Wiki yake ya mwisho bibi mmoja wa vyumba vya juu alitimiza miaka tisini. Keki ililetwa, wazee wakapangwa duara na viti vyao vya magurudumu, na meneja, bwana mwenye furaha zake, akamtaka kaka aimbe. "Kitu tunachokijua sote," alimwambia. Kaka alikuwa na aproni ya plastiki. Hakuivua. Akaimba wimbo wa mapenzi wa Kizungu wa zamani, nami nikaisikia sauti iliyotoka. Haikuwa yake. Ilikuwa ya mwenye wimbo, na kuimbia puani kwake na kuvuta kwake maneno, ungesema mtu amefungua redio. Wazee wakashikana mikono. Bibi wa miaka tisini akabubujikwa na machozi.

Meneja alikwenda akamtia noti kwenye mfuko wa kifua, akaupigapiga kwa kiganja. Mimi nilikuwa nimeshika sahani za keki, nikasubiri aitoe. Nilimwomba Mungu aitoe.

"Asante sana, bwana," kaka alisema, akainama kidogo. "Ungependa na upi mwingine?"

Meneja akautaja. Kaka akauimba wote, hadi mwisho.