Nani Anazivuta Biri Zangu

Mimi simwamini mtu mpaka nimnuse kwanza. Mke wangu huwaambia wageni hivyo, nami sikatai. Ninatengeneza pampu za mabwawa ya kuogelea kwenye majumba ya Wataliano hapa Malindi, na kazi hiyo imenifunza kwamba kila nyumba ina uongo wake. Mwenye nyumba atakwambia pampu imekufa yenyewe, kumbe ameiwasha bila maji. Mlinzi ataapa kwamba hakuna aliyegusa swichi. Basi nami nikifika mahali huanza kwa kuzitazama nyuso za watu, ndipo nifungue skrubu.

Biri nilizijulia huko huko kazini. Mtaliano mmoja mzee, mwenye mguu mbovu, alinipa mkebe mdogo wa bati siku nilipomaliza kazi yake. Ndani mlikuwa na biri fupi nyembamba, zimelala bega kwa bega, rangi ya mbegu ya ukwaju. Nilimshuku papo hapo. Kwa nini anipe bure? Ana nini? Nikautia mkebe kwenye sanduku la vifaa, chini ya mipira na gundi, nikausahau. Masika yakapita, vuli ikapita, hata siku moja natafuta bisibisi nikaugusa. Nikawasha moja pale pale, nimeketi ukingoni mwa bwawa la watu nikisubiri maji yapande.

Lo! Sikuwa nimewahi kuonja kitu kama kile. Haikuuma ulimi. Ilikuwa na uchungu mzuri wa kahawa ya buni, na nyuma yake kitu kama korosho zilizochomwa kwenye majivu. Na ilikwisha kabla maji hayajafika juu, ndilo nililolipenda zaidi. Biri kubwa za matajiri humtaka mtu akae nusu ya alasiri amekunja nne, na bei yake ni ya kumtia mtu homa. Hizi ndogo ni za mtu wa kazi za mkono kama mimi: unavuta, unaridhika, unarudi kwenye pampu yako.

Tangu siku hiyo nikawa nanunua mkebe kila nikipata kazi nzuri, kwenye duka moja karibu na soko la zamani. Mwenye duka ni mcheshi sana, na mimi mtu mcheshi namwogopa. Kila mkebe nilikuwa nikiutikisa sikioni mwangu mbele yake, nisikie kama umejaa. Alikuwa akicheka na kuniuliza, "Bwana fundi, wanunua biri au wanunua kayamba?" Nilikuwa nikimwacha acheke.

Biri mpya ni kali, ina hasira. Inataka kulazwa. Nilijifunza mwenyewe kuzilaza, kwa kukosea, maana hewa yetu ya pwani ina unyevu na chumvi, na biri ukiiacha hivi hivi inaota kuvu mpaka inatia huruma. Nilichukua sanduku la plastiki, lile la kubebea barafu, ambalo mteja alilitupa kwa sababu limekatika mkono. Ndani nikaweka mchele mkavu umefungwa kitambaani, unywe unyevu. Mikebe nikaipanga juu yake, kila mmoja kifuniko chake kimeinuliwa kidogo kwa njiti ya kibiriti, ipumue. Sanduku nikalisukuma chini ya kitanda cha chumba cha nyuma, kwa sababu chumba kile hakipigwi na jua la alasiri. Hapo sikuzigusa. Mikebe ilikaa mwaka, mingine zaidi, na mimi nikivuta ule uliokomaa tu, taratibu. Mke wangu aliniuliza kuna raha gani ya kununua kitu na kukinyima mdomo wako. Nilimwambia hataelewa.

Chumba kile ndicho anacholala mama yangu. Mama anakaa Jilore, kwenye shamba letu, na kila mwisho wa mwezi huja mjini kuchukua dawa zake za presha, akalala kwetu siku mbili tatu, kisha akarudi. Ni mama wa kanisa kweli kweli. Nikivuta uani, yeye huziba pua kwa ncha ya leso na kulitaja jina la Bwana.

Sasa, biri zangu zikaanza kupungua.

Mwanzo nilidhani ni panya, lakini panya gani huyo wa kufungua kifuniko, akachukua mkebe mzima, akaniachia njiti ya kibiriti sakafuni? Nikamshuku mwenye duka, kisha nikajicheka, maana mwenye duka hajawahi kuingia kwangu. Nikajishuku hata mimi, labda nimevuta nikasahau. Lakini uzee wangu haujafika huko. Na mwizi huyo alikuwa na jicho. Alikuwa akichukua mikebe ya zamani, ile iliyokomaa, mipya anaiacha. Hilo ndilo lililoniudhi kabisa. Ni nani katika nyumba hii anayejua tofauti?

Nikaweka mitego. Nilinyunyiza poda ya mtoto sakafuni kando ya kitanda, na asubuhi nikakuta nyayo za mke wangu, aliyeingia kutandika, na nyayo za mama, anayelala humo. Mke wangu aliuliza nani amemwaga poda. Nikasema sijui. Nilifunga uzi kwenye sanduku, uzi ukakatika, wala sikujua umekatwa na nani. Nilikuwa narudi nyumbani mchana ghafla, nimeacha pikipiki njia panda ili injini isisikike. Haki ya Mungu, nilikuwa naingia kwangu kwa kunyata.

Mke wangu huuza mahamri na mbaazi langoni kila asubuhi. Wateja wake wengi ni wanaume: waendesha bodaboda, mafundi, walinzi waliotoka zamu. Miaka yote hiyo sikuona neno. Sasa nikaanza kuona. Yule anacheka nini? Huyu kwa nini anakaa mpaka mbaazi zinapoa? Wivu ukishaingia hauombi kiti, unakaa popote. Nilikuwa nakunywa chai yangu dirishani huku nachungulia mikono yao, kuona nani ana rangi ya tumbaku vidoleni.

Ndipo nikaikuta kanga. Ilikuwa imekunjwa juu ya kapu la nguo chafu, kanga ya mke wangu, ile ya maua mekundu anayoipenda. Nilipoipita nikasikia harufu. Nikarudi nyuma, nikainusa. Biri. Si moshi wa jikoni, si wa taka, biri yangu iliyolala mwaka mzima. Nikaikunjua, na pembeni, palipokuwa na fundo, pakadondoka chembe za tumbaku. Nikaona yote: mwanamume amekaa kwangu, anavuta changu, amejifuta mikono kwenye kanga ya mke wangu.

Nilimkuta uani anakuna nazi. Nikaitupa kanga mbele ya mbuzi.

"Nani anazivuta biri zangu?"

"Biri zako nazijulia wapi mimi?"

"Nusa hiyo."

Akainusa. Akakunja uso, akafikiri. "Kanga hii nilimwazima mama alipokuwa anakwenda Jilore. Aliirudisha juzi juzi alipokuja kuchukua dawa."

Nikacheka, kicheko kibaya, hata mimi nilikisikia ubaya wake. "Mama? Mama yangu mimi? Anayeziba pua? Yaani umekosa mtu wa kumsingizia ukaona umbebeshe mama wa watu?"

"Nakwambia nilimwazima mama."

"Na mimi nakwambia, mwambie mwanamume wako anunue zake."

Aliacha kukuna. Nazi ilibaki mkononi, nusu nyeupe nusu haijaguswa. Tumelea watoto watatu mimi naye, wote wamekwenda zao. Hajawahi kulala nje ya nyumba yangu bila kuniaga. Nilitegemea alie au anitukane. Alinawa mikono, akajitanda leso, akafunga nguo zake kwenye mfuko. "Washa pikipiki," akasema. "Twende Jilore. Hilo neno utalisema mbele ya mama. Akishalisikia, mimi napita moja kwa moja kwetu Magarini, na watoto utawaeleza mwenyewe."

Njia nzima hakunishika. Alishika chuma cha nyuma, na kila tukiingia shimoni nilikuwa naogopa ataanguka, nikapunguza mwendo, naye akasema tu, "Twende." Nilikuwa na hasira bado. Nilikuwa najiambia anajua kuigiza, anataka nirudi nusu ya njia. Lakini tulipoiacha lami na vumbi likaanza, hakusema turudi, na mimi nikaanza kujiuliza kama kweli anaigiza.

Mama alikuwa anapukuchua mahindi. Mke wangu akamwamkia shikamoo, akaitikiwa, tukapewa maji. Kwetu mgeni hasemi neno lake koo likiwa kavu. Maji yalipokwisha mke wangu akasema, "Mama, mwanao ana neno."

Nikasema. Nilisema juu ya biri na juu ya kanga. Lile la mwanamume sikulisema, nililipitia mbali. Mama alinisikiliza mpaka mwisho, akikung'uta mahindi mapajani.

"Kwani si ulimwekea babako?" akaniuliza.

"Nilimwekea nini?"

"Tumbaku. Mwanangu, mtu ananunua tumbaku, anaiweka chini, haivuti, mwaka unapita haivuti, amemwekea nani kama si wakubwa waliolala? Na umeiweka chini ya kitanda ninacholala mimi. Nikasema, kijana anaona haya kusema, kwa ajili ya kanisa. Anataka niichukue kimya kimya. Nami nikaichukua kimya kimya. Nikachukua ile ya zamani, kwa sababu ndiyo uliyotangulia kumwekea."

Alituongoza nyuma ya nyumba, penye mikorosho. Koma ya marehemu baba iko hapo, alama ya roho yake, kijiti kifupi cha mti kilichosimikwa ardhini siku nyingi, kimefungwa vitambaa. Sikujua kama bado kuna mtu anayeitunza. Mbele yake palikuwa pamefagiwa. Palikuwa na kifuu cha nazi cha kutilia pombe ya mnazi, na kando ya kifuu mikebe yangu imepangwa, mitupu, inang'aa. Mama alikuwa akizisaga biri ziwe ugoro, akimpa baba kidogo kidogo kila akija hapo, na kumwambia zimetoka kwa mwanawe wa mjini.

"Kanga nilifungia tumbaku," akasema. "Nisamehe mama, sikuifua vizuri." Alimwambia mke wangu, si mimi.

Nikacheka. Sikujua la kufanya, na afueni ilikuwa kubwa, nikacheka, nikamgeukia mke wangu nikidhani naye atacheka, tutapanda pikipiki, jambo litakuwa la kusimulia.

Hakucheka. Alikuwa anakitazama kile kijiti.

"Huyu ndiye?" akasema.

"Nani?"

"Mwanamume wangu. Anayekuja kwangu kuvuta biri zako. Ndiye huyu?" Akasogea akasimama kando ya koma. "Basi amepatikana. Mwambie anunue zake."

Mama aliuliza ni maneno gani hayo. Mke wangu aliningoja mimi. Mama akanitazama, na nikaona uso wake unabadilika, anaanza kuelewa. Akachukua kibuyu, akamimina mnazi kifuuni, akasema kwa Kigiriama kwamba mwana amekuja na ana neno. Kisha akasogea kando. Pale mahali hapasemwi uongo. Hata mimi niliyebatizwa najua.

Nililisema. Nililisema lote kama nilivyolisema uani, neno kwa neno, kwa baba, huku mama anasikia. Sauti ilinitoka nyembamba, ikakatika, mke wangu akasema, "Malizia." Nikamalizia. Kisha nikaomba msamaha, na nilipoinua kichwa sikuwa najua nimemwomba nani, yeye au mama au kijiti. Mama alikuwa amejifunika uso kwa leso. Aliona haya kwa ajili yangu, na sijawahi kujisikia mdogo namna ile, hata utotoni.

Mke wangu hakwenda Magarini. Alimwambia mama, "Leo nalala kwako," mama akasema karibu, na mimi nikarudi Malindi peke yangu. Alikaa Jilore mpaka mahindi yakaisha shambani. Nilikwenda kila Jumapili, nikapewa maji, nikapewa chakula, nikaambiwa safari njema. Mwisho wa mwezi mmoja akaja na mama kwenye safari ya kuchukua dawa, akaingia jikoni, akauliza nani ameunguza sufuria yake. Nilifurahi nikataka kulia.

Mkebe wa mama sasa naununua waziwazi na kumpa mkononi. Biri zangu ziko pale pale, hazipungui, na bado ni tamu nikitoka kazini. Mke wangu anapika, anauza mahamri, anacheka na watu, analala upande wake wa kitanda. Lakini kila akitaka kutoka anakuja kwanza kuniaga. Si safari tu. Akienda dukani anasema. Akienda kuanika nguo nyuma ya nyumba anasema. Anasimama mbele yangu, mikono ameikunja, kwa adabu zote, ananiambia anakwenda wapi na nani yuko huko, na anangoja niseme haya. Nimemwomba aache. Nimemwomba mbele ya mama, nimemwomba tukiwa wawili, nimemwambia namwamini. Ananijibu, "Nimesikia, baba watoto," na kesho yake ni vile vile.

Jana nilikuwa uani, biri ndiyo kwanza nimeiwasha. Akaja akasimama. "Baba watoto, nakwenda hapo kwa jirani kuomba chumvi. Jirani ni mwanamke. Mumewe alikufa. Watoto wake wote ni wa kike."

Nikasema haya. Akaenda.