Siku niliyokutwa jikoni kwa mama mkwe nimetia pua kwenye ungo wa kahawa

Kamwene wakuu, na msiojua Kibena pokeeni tu, hiyo ni salamu. Haya yalinitokea mwenyewe, sikusimuliwa na mtu.

Naona vijana humu mnapostiana specialty coffee, mizani, vipimajoto, tasting notes. Safi sana. Ila mjue huo ugonjwa wengine tuliugua zamani, miaka ile ya ruksa, wanunuzi binafsi wa kahawa ndio kwanza wanaanza kuingia vijijini.

Nilikuwa karani wa ghala la mbao Makambako, nimepanga chumba Kitandililo. Aliyeniambukiza ni Mzee Sharifu, mtu wa Kondoa, muuza kahawa chungu pale stendi. Alinifundisha kukaanga, kutwanga na kuchuja kwa kitambaa.

Mwanafunzi nikamzidi mwalimu kwa maringo. Sukari sigusi, kashata sigusi. Nanusa kikombe kwanza, nafumba macho. Watu walijua nimechanganyikiwa na siwalaumu.

Sasa nilikuwa na mchumba, Upendo, anajifunza ushonaji pale mjini. Kwao ni Matembwe, Walutheri wa siku nyingi, wakulima wa kahawa. Siku moja akaniletea kopo la kahawa mbichi kutoka kwao. Nikakaanga, nikaonja.

Wakuu, ilikuwa na ladha ambayo sijawahi kukutana nayo. Kitu kizito, cha msituni. Nikatangaza stendi nzima kwamba hiyo ndiyo ladha ya udongo wa Matembwe. Mzee Sharifu akaonja, akaniangalia, akacheka peke yake. Nikajua ni wivu.

Siku ya posa ikafika. Mshenga wangu alikuwa baba mdogo. Mimi nikabeba begi lenye kahawa ya kopo lile, imeshakaangwa na kutwangwa, pamoja na kitambaa changu. Baba mdogo akaniuliza tunakwenda kuoa au kufungua mgahawa.

Mjue wazazi wa Upendo walilima kahawa miaka yote na hawajawahi kuinywa. Kahawa ilikuwa ya kuuza, wao ni chai ya maziwa. Nikaomba maji ya moto, nikawachujia pale sebuleni kwa mbwembwe zote.

"Baba, onja," nikamwambia baba yake Upendo. "Harufu nzito namna hii haipo kwenye kahawa nyingine yoyote nchi hii."

Mzee akanywa, akakunja uso kwa ule uchungu, lakini alifurahi mno. Akamgeukia baba mdogo: "Unasikia? Juzi mnunuzi kaikataa kahawa yangu, eti inanuka moshi. Moshi utoke wapi? Nimeagiza ikaushwe juani, na atakayeipandisha darini juu ya moto atanitambua."

Moshi. Udongo wa Matembwe niliousifia miezi yote ile ulikuwa moshi.

Mwenye akili angenyamaza posa iishe. Mimi ubishi ukanipanda, nikataka kuona kwa macho. Nikaaga nakwenda msalani, nikachepuka hadi jiko la nje. Na kwetu, mkwe kuingia jikoni kwa mama mkwe ni aibu ambayo posa inaweza kufia hapo hapo. Nikaingia.

Juu ya mafiga kulikuwa na dari, darini kuna mahindi, na pembeni ya mahindi nyungo tatu za kahawa katikati ya moshi. Nikapanda kigoda, nikatia pua kwenye ungo.

Nyuma yangu mtu akakohoa. Mama Upendo.

Nikashuka kigodani. Niliona kabisa Upendo anaolewa na mwingine.

"Mwanangu, umepoteza nini humu?" akauliza taratibu.

Nikasema ukweli: "Mama, natafuta moshi."

Akatazama dari, akatazama mlango, akaketi. Akaniambia ni hivyo kila msimu, ukungu unakaa wiki nzima, jua hakuna, kahawa inaota kuvu, na mumewe akishatoa amri haangalii mawingu. Kisha akaninyooshea mwiko: "Wewe hukuingia humu, na humu hamna kahawa. Pitia nyuma ya banda la nguruwe."

Nikarudi sebuleni na viatu vya matope. Baadaye mama akaja na chai. Mzee akamuuliza mbele yetu, huyu kijana anamwonaje.

Akamimina kwanza vikombe vyote.

"Apewe," akasema. "Pua yake ni nzuri, na mdomo anajua kuufunga."

Mzee akacheka, akidhani ni mambo ya kuonja kahawa. Upendo ni mke wangu hadi leo, na mdomo niliufunga mpaka tulipomzika mzee, Mungu amlaze pema.

Funzo: usiipe ladha jina zuri kabla hujauliza ilikaushwa wapi. Na ukienda posa, usihangaike sana na yule aliyekalia kiti kikubwa.

Haya, mliowahi kukutwa pasipowahusu huko ukweni, uwanja ni wenu. Ila adabu kwenye comments, mama mkwe yu hai na zote tutamsomea.