Mikono ya Mama Taratibu

Mimi mwenye saluni sifichi: umbea umenijaa mpaka kooni. Kwa hiyo msusi wangu, tuliyembandika jina la Mama Taratibu, alinisumbua akili tangu alipoanza kazi. Mteja akishakaa, kabla ya kushika kitana, alimwekea viganja kichwani na kutulia kidogo. Nilidhani anapima ujazo wa nywele. Kumbe anawaombea, tena bila kuwaambia!

Aliyegundua ni mwalimu mmoja, mteja wetu wa siku nyingi. Alimuuliza, akajibiwa ukweli. Hakufoka, ila uso ulimbadilika. Akaniita pembeni.

"Kichwa changu si madhabahu," akaniambia. "Nimekuja kusukwa."

Nikapandwa na hasira. Nilimwambia Mama Taratibu waziwazi kwamba akirudia, akusanye vitana vyake aende. Nilijua ana watoto, na kazi ile ndiyo inayowalisha. Nilitegemea alie, au anishushie mahubiri. Wapi! Alikwenda kumwomba mwalimu radhi, akasema alipaswa kuuliza kwanza.

Tangu hapo, mteja akikaa, ni kitana moja kwa moja. Mwalimu akaendelea kuja, na kwa mikono ileile, maana hakuna mwingine anayemsuka bila kumvuta mpaka macho yamtoke.

Roho yangu ndiyo haikutulia. Mtu anaacha hivihivi tu? Nikaanza kumchunguza. Akigawa nywele, namwangalia midomo. Akienda chooni, natega sikio mlangoni, sina hata haya. Hakuna kitu. Mpaka jioni moja nikamfuata uani alikokuwa akifua mataulo ya wateja, nikaona midomo inacheza juu ya beseni.

Nikamuuliza kama hataki kazi. Akajibu, bila haraka kama kawaida yake, kwamba nilimkataza vichwa vya watu, na hajavigusa. Ila baadhi ya wateja walikuwa wamemuuliza mbona siku hizi hawawekei mikono, wakamwomba awakumbuke. Basi anawakumbuka hapa, akifua taulo la kila mmoja. Kama na hilo silitaki, ataacha.

Nikaokota taulo alilofutiwa mwalimu asubuhi ile.

"Na hili?"

"Yeye alisema hataki," akasema. "Lake nalifua tu."

Chini ya lile la mwalimu lilikuwepo taulo langu, kwa kuwa mchana nami nilikuwa nimeosha nywele. Nikaliona, na udadisi ukanishinda kama kawaida.

"Na langu?"

"Lako pia nalifua tu, dada. Hujaniomba."

Hakuwa na kinyongo, na hilo ndilo lililoniuma. Alilichukua lakini hakulichovya majini, alinitazama, akingoja. Nikavuta ndoo, nikaipindua, nikaketi. Nilikuwa na mengi ya kumwambia aniombee.