Mimi, Mama Mkwe na Mtumbwi wa Plaiwudi

Mama mkwe wangu alikuja kwetu Maji ya Chai kutoka kisiwani Ukerewe, mke wangu alipojifungua mtoto wa pili. Alikuja na debe la dagaa na heshima kubwa mno. Kwa wiki tatu maongezi yetu yote yalikuwa haya:

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Umeamkaje?"

"Salama."

Basi. Yeye anaelekea jikoni, mimi natoka kwenda kwenye karakana yangu ya useremala kando ya barabara, kila mmoja akishukuru kwamba yamekwisha vizuri. Akiwa sebuleni, mimi nakumbuka kuna mbao sijazifunika. Nikiwa mezani, yeye ana nepi za kuanua.

Jioni moja nikamsikia akimwambia mke wangu nyuma ya nyumba, kwenye migomba: "Kwenu huku kuzuri, lakini maji yenu yote yanakimbia. Mto unakimbia, mfereji unakimbia. Hamna maji yaliyotulia, mtu akayaangalia?"

Mke wangu akamwambia kuna ziwa dogo, Duluti, pale Tengeru. Mama akauliza kama watu wanavua kwa mitumbwi. Akajibiwa kwamba wanaopiga makasia pale ni watalii zaidi. Akaguna.

Sijui nini kilinipata. Mimi ni Mmeru, nimezaliwa juu kule kwenye kahawa, na maji yote niliyocheza nayo utotoni yaliishia magotini. Lakini fundi akisikia kitu hakipo, mikono humwasha. Nilikuwa na plaiwudi nzuri iliyobaki kwenye kazi ya makabati. Nikatafuta video kwenye simu, nikampata Mzungu mmoja anayejenga mtumbwi nyumbani kwake, nikamtazama labda mara kumi na mbili bila kuelewa neno analosema. Mikono yake niliielewa.

Ilinichukua mwezi mzima, baada ya kazi za wateja. Kila aliyepita alikuwa na lake la kusema. Mzee mmoja mfugaji alisimama, akauzunguka, akaniambia: "Fundi, na mimi nitengenezee hori kama hili. Ng'ombe wangu ni wanne."

Ulipokamilika niliupaka rangi ya bluu, nikamwomba mke wangu amlete mama yake. Mama aliutazama mtumbwi. Akaugonga ubavuni kwa kifundo cha kidole, kama anayechagua chungu sokoni. Akainama, akachungulia chini. Hatimaye akasema, "Rangi imekaa vizuri sana, baba."

Mke wangu aligeukia ukutani kucheka.

Jumamosi iliyofuata tuliufunga juu ya kirikuu, pikapu ndogo ya jirani yangu, tukaenda Duluti. Nilikuwa nimetangulia kwenda peke yangu kuomba ruhusa, na mhudumu wa pale alikubali kwa sharti kwamba tuvae maboya na tusiende mbali. Mke wangu akakaa kivulini na mtoto. Asubuhi ilikuwa nyeupe, Mlima Meru wote uko wazi, na ziwa limetulia ndani ya msitu wake kama uji ulioanza kupoa.

"Nani anapiga kafi?" mhudumu akauliza, akimtazama mama.

"Mimi," nikasema haraka.

Mama akavua ndala, akakunja kitenge chake, akaingia kutoka kwenye kigati cha mbao na kukaa mbele bila mtumbwi kutikisika. Mimi nikaingia kama ninavyopanda kwenye gari: mguu mmoja ukingoni, uzito wote juu. Mtumbwi ukaniinamia, ukanimwaga. Maji yalikuwa ya kiunoni tu, lakini nilikwenda chini hadi kofia. Nilipoibuka, mama alikuwa ameshika kingo zote mbili, mkavu kabisa, ametazama miti ng'ambo kwa adabu. Mabega yake tu ndiyo yalikuwa yanatikisika.

Mara ya pili niliingia kwa kutambaa.

Nikapiga kafi kwa nguvu zangu zote. Tulitoka ufukweni vizuri, kisha mtumbwi ukaanza kugeuka. Nikaongeza nguvu, ukageuka zaidi. Mke wangu alipita mbele ya macho yangu akiwa kivulini, akapita tena, akapita tena akiwa amesimama anapunga mkono.

"Baba, samahani," mama akasema bila kugeuka. "Tunakwenda wapi?"

"Ng'ambo ile, mama."

"Ipi? Maana nimeshaziona zote."

Hapo nikashindwa. Nilicheka mpaka kafi likagonga ubavu, na yeye akaachia kicheko alichokuwa amekizuia tangu nilipoanguka, kicheko kikubwa, cha mtu aliyezoea kucheka mahali pasipo kuta. Alipomaliza akafuta macho kwa ncha ya kitenge.

"Lete kafi. Usisimame! Kaa hapo hapo, geuka tu utazame kule. Na mimi nageuka. Sasa wewe ndiye uko mbele."

Nikageuka polepole, nimempa mgongo mama mkwe wangu. Nadhani ndiyo sababu aliweza kuzungumza. Mtumbwi ulinyooka kama uliopigiwa rula. Sikusikia hata kafi likiingia majini. Nilimsikia yeye: jinsi alivyokuwa akivusha viazi vitamu kwenda mnadani akiwa msichana, na jinsi marehemu mume wake, mvuvi mzima, alivyokuwa hajui kuogelea.

"Na watu walijua?"

"Nilijua mimi. Na sasa wewe. Binti yake hajui, usimwambie."

Nikaapa. Ndipo nikahisi baridi kwenye makalio, nikatazama chini. Maji yalikuwa yanaingia kwenye kiungo cha kushoto, taratibu.

"Mama, tunazama?"

"Hatuzami, tunavuja. Chota."

Nikavua kofia nikachota, yeye akatugeuza bila haraka, akaendelea na hadithi ya viazi. Tulifika ufukweni nikiwa nimelowa mara mbili na yeye hajalowa hata kidole. Mke wangu akauliza mtumbwi ukoje. Nikamwacha mama ajibu.

"Huu?" akasema. "Tako zito, pua nyepesi, viungo havijajazwa pamba yenye mafuta, na kafi ni fupi kwa mtu mrefu hivi." Akaendelea kuuchambua njia nzima ya kurudi, huku ananigonga bega kila alipofika kwenye kosa jipya. Sikumbuki kama nimewahi kukosolewa nikafurahi namna ile.

Kesho yake, baada ya ibada, nilimkuta karakanani, ameketi juu ya rundo la mbao, miguu imekunjwa, ananisubiri. Kando yake palikuwa na chupa ya mafuta ya kula na furushi la pamba.

"Shikamoo mama. Pamba hii umeipata wapi?"

"Marahaba. Kwenye mto wako wa kulalia," akasema. "Haya, lete patasi tuanze."