Mechi Imeisha, Kichwa Bado

Nasuka nywele saluni, mtaa wa Albert Park. Nina mteja wa miaka mingi, Mtanzania aliyesoma Marekani, ambaye anapenda besiboli, ule mchezo wa kurusha mpira na kuupiga kwa gongo, kuliko chakula. Akija kusukwa huweka simu mapajani na kutazama mechi ya jana yake. Zamani mechi na nywele vilikwisha pamoja.

Jumamosi moja akapiga kelele: "Dada, mechi imeisha, kichwa bado!"

Nilidhani mikono yangu imekuwa mizito. Akacheka, akanieleza sheria mpya iliyofupisha mechi: mrushaji hupewa sekunde kumi na tano tu kurusha mpira, na akichelewa anaadhibiwa.

"Zamani alijikuna, akatema mate, akatazama mawingu," alisema.

"Basi nami nihesabiwe," nikasema.

Wenzangu wakahesabu kwa sauti. Walipofika kumi na tano, nilikuwa bado nagawa nywele kwa kitana.

"Eish! Adhabu!" mteja akacheka hadi nywele zikanitoka mkononi. "Suka taratibu, dada. Nina mechi nyingine."

Safari hii aliegemeza simu kwenye kioo ili nami nione. Kabla hatujamaliza, nilikuwa nampigia kelele mrushaji: "Rusha, baba, muda unakwisha!"