Oili ya Shemeji Sikuwahi Kuinusa

Admin, jina langu lifiche, na pikipiki yangu usiitaje hata rangi, maana huku Mtoni inajulikana kuliko mie. Nina miaka hamsini na moja, baba wa watoto wanne, ni bodaboda na mwenyekiti wa kijiwe. Uenyekiti sikupewa kwa akili, nilipewa kwa kitambi. Vijana walisema angalau kinaonekana kutoka mbali.

Sifa yangu nyingine ni pua. Mtu akinunua oili analeta kwangu kwanza. Naweka tone kidoleni, nasugua, nanusa, kisha natoa hukumu. "Hii ya gari, rudisha. Klachi ya pikipiki inaogelea humo humo kwenye oili, ukitia ya gari itateleza, mlima hupandi." Au, "Hii nyepesi mno kwa injini iliyochoka kama yako, tafuta nzito kidogo." Wakaniita Daktari, nami, mjinga mie, nikaitika.

Sasa, mdogo wa mke wangu ana kiduka cha oili na spea kando ya barabara ya Kilwa. Kijiwe kizima nilikipeleka kwake. Nikaweka na utaratibu: mtu akibadilisha oili, kopo lisitobolewe, kifuniko kisipotee, aniletee. Vijiwe vingine kopo linatobolewa kwa bisibisi palepale. Sie tuliyatunza kama vyombo vya harusi, kwa sababu shemeji alisema anayauza kama plastiki chakavu. Kila wiki nilifunga kiroba nyuma ya siti nikampelekea. Oili chafu nayo alichukua. Wote tunajua inapakwa kwenye mbao zisiliwe na mchwa, nani angeuliza?

Vijana waliwahi kulalamika kwamba oili yake inakuwa nyeusi kesho yake tu. Shemeji akacheka: "Hiyo inasafisha injini, shem. Oili nzuri lazima ichafuke." Nikaenda kuhubiri hivyo hivyo kijiweni. Na ngoja niwape aibu yangu yote: oili za watu wengine nilizinusa, yake sikuinusa hata siku moja. Mtu wa nyumbani utamnusaje?

Mwezi uliopita injini ya kijana mmoja, nimwite Sele, ilinoki, ikazima moja kwa moja, akiwa na abiria anaelekea Kigamboni. Ilikuwa ya tatu kunoki kijiweni kwetu. Pikipiki ni ya mkataba, alibakiza miezi miwili iwe yake. Nikamsema mbele ya watu: "Unaendesha kama umeiba! Injini siyo punda." Wakacheka. Sele akainamisha kichwa, akasema, "Nisamehe, mzee." Tajiri wake akaichukua pikipiki. Leo Sele anabeba magunia ya viazi sokoni, na mkewe ana mimba ya miezi minane.

Jumatatu asubuhi nilikuta duka limefungwa, nikapitiliza na kiroba changu mpaka kwa shemeji, Kiwalani. Nikapiga hodi, nikaingia uani. Huyo hapo kachuchumaa, mikono myeusi mpaka viwikoni, anachuja oili chafu kwa kanga kuukuu juu ya ndoo. Pembeni kuna dumu la oili mpya. Anachanganya kidogo, anajaza makopo, anabandika vifuniko kwa gundi. Makopo yetu! Niliyoyabeba mie! Na anachotekea, jamani, ni lile jagi la kijani nililonyweshewa juisi ya ukwaju Ijumaa iliyopita.

"Karibu shem, chai iko jikoni," akasema, wala hakuinuka.

"Si ulisema hii ni ya mchwa?"

"Mchwa wana pao pa kula, shem. Sie tule wapi?" Akacheka peke yake.

"Sele kapoteza pikipiki!"

Hapo akaacha kucheka. "Makopo kaleta nani? Wateja kaleta nani? Ukienda kusema, usisahau na hilo."

Nilitapika kwenye mfereji wa jirani. Toka siku hiyo mandazi hayapiti, chipsi ndiyo usiseme. Naosha mikono kwa sabuni ya unga mpaka inachubuka, nikiinusa harufu ipo. Lakini kinachonichefua kuliko ule uchafu wa uani ni mie mwenyewe, na hiki kidole changu cha udaktari.

Nilimwambia mke wangu. Akalia, kisha akasema, "Baba watoto, yule ni mdogo wangu wa tumbo moja, nimemlea mie. Vijana wako unawajua wakikasirika. Watamchoma na duka lake. Mkanye kimya kimya." Nikamkanya, akaapa ataacha. Jana nimepita dukani, makopo yamepangwa vilevile. Nikajaribu kuwaambia vijana wanunue kwingine kwa sasa, mmoja akanijibu, "Mzee, si wewe uliyetufundisha kwamba kwingine wanachakachua?" Nimewaza kwenda kwa mjumbe, lakini mjumbe naye ana pikipiki, na duka hilo nilimwonyesha mie.

Jumamosi hii tajiri wa Sele anakuja kijiweni. Anataka mwenyekiti nimwambie kijana alikuwa anaendeshaje, ndipo aamue kumrudishia mkataba au kumpa mtu mwingine. Nikisema Sele hana kosa, ataniuliza: basi injini iliuliwa na nini? Na vijana wote watakuwepo, masikio wazi. Nikinyamaza, Sele anabaki na jina la mharibifu mji mzima.

Jana jioni Sele amenipigia. "Shikamoo mzee. Jumamosi nisemee kidogo tu, tajiri wewe anakuamini."

Nikasema marahaba. Kisha nikakata simu. Nyie mlio humu, wenye busara na hata wenye matusi, nishikeni mkono: nikisimama mbele ya yule kijana, niseme nini?